Kilo Tatu na Jiwe

Walimu wa ushairi huhesabu mizani kwa vidole,
nane huku, nane kule.
Mimi nimelelewa na mizani nyingine:
visahani viwili vya shaba, mnyororo mmoja
umeungwa kwa mshipi wa kuvulia changu,
imening'inia dukani kwetu, Mtamuini,
tangu babu Lali hajaota mvi.

Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba.
Ukitanua mikono, kidole kimoja kinagusa mchele,
kingine mafuta ya taa.
Nyuma ya pazia mama anakaanga, redio inasoma matanzia,
na mteja akiuliza bei ya tambi
hujibiwa na yeyote aliye karibu, hata mgeni.

Jiwe la nusu kilo lilipotea zamani.
Bibi Barke akashuka pwani, maji yamekupwa,
akarudi na jiwe jeusi, laini kama kisigino cha mtoto,
akalitia kisahanini, akasema: Hili.
Basi likawa hilo.
Sukari nusu: Jiwe. Kunde nusu: Jiwe.
Pumba za punda wa Abudi: Jiwe mara nne.
Hata watoto wachanga waliletwa, wamefungwa kanga,
wakalazwa penye harufu ya iliki,
na Bibi akawatangazia walio barazani:
"Kilo tatu na Jiwe, mashallah!"
Hivyo ndivyo nilivyotangazwa mimi.

Kwenye msumari kando ya mizani
zilitundikwa funguo za nyumba saba zisizo zetu.
Mwalimu Nyevu akichelewa, wanawe walikula kwetu
na hakuna aliyeandika.
Daftari lilikuwepo, ndiyo,
"Takuya kesho, Lali," na babu huchora,
lakini mwandiko wake aliujua yeye peke yake.
Tulipomzika, watu walikuja na pesa mkononi
wakitutajia wenyewe wanadaiwa ngapi.
Tukawaamini. Tungefanyaje?

Mwaka juzi akaja afisa wa vipimo kutoka Mombasa,
Bwana Nzai, mpole, kibegi cha ngozi, jasho shingoni.
Akaigonga muhuri kilo, akaigonga muhuri robo.
Akalishika Jiwe.
"Na hili?"
"Nusu!" foleni ikajibu, kama darasa.
Akatoa la kwake, la shaba, lenye namba,
akaliweka upande huu, letu upande ule.

Letu likashuka.

Likashuka mpaka kisahani kikagonga meza.
Akapima tena, akafuta miwani, akapima tena.
"Limezidi gramu arobaini," akasema, akaandika.
Miaka thelathini na minne
kila nusu ya dukani kwetu ilikuwa nusu na vijiko,
na sisi usiku, kwa taa ya chemli, tukijiuliza
faida inapitia wapi.
Tima, mwenye mimba ya miezi minane,
akashika kiuno, akacheka peke yake kule nyuma:
"Kumbe sote tulizaliwa wazito
kuliko tulivyoambiwa!"

Nikamtazama Bibi. Alijua?
Alikuwa akifunga uzi kwenye kifurushi cha chai.
"Fungani mlango wa nyuma," akasema,
"paka anaingia."

Sheria ni sheria. Jiwe limestaafu,
linakalia daftari upepo usilifungue.
Siku hizi tuna mizani ya betri, namba nyekundu,
haina mnyororo, haina mlio.
Mtoto wa Tima tulimpima kwayo,
mama yake akasoma namba, akauliza:
"Na Jiwe je?"

Mimi humimina hadi mia tano kamili.
Kisha mkono wangu, bila kuniuliza,
hurudi guniani.
Namba inaruka; mimi na mteja
tunatazama nje, punda anapita.
Walimu wangesema mstari huu umezidi.
Umezidi, naam.
Kunja karatasi, mpe.